Mkono wa mwenzako ndio kinanda

Darasa langu la awali lilipopata vishikwambi vinne vyenye programu za muziki, niliwagawia watoto wanne kila mmoja na chake, nikawavisha hedifoni, nikawaketisha kwenye mkeka mmoja na kujitenga pembeni kuwatazama. Palikuwa na utulivu ambao mtu anayefundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano huuota tu. Kila mtoto aligusa rangi zake, akasikiliza sauti zake, akatikisa kichwa kwa mdundo ambao jirani yake hakuusikia, nami nikaandika kwenye daftari kwamba kipindi kimefana. Niliendelea kuandika hivyo kwa siku tatu.

Siku ya nne mvulana mmoja alipata sauti iliyomfurahisha mno, kitu kama mlango unaolia ukifunguliwa, akamgeukia msichana aliyeketi kando yake na kumwambia, "Sikia!" Msichana hakusikia, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezibwa na hedifoni zake mwenyewe. Mvulana akaligusa tena lile duara la rangi, akamtazama usoni, akangoja. Kimya. Ndipo akavua hedifoni zake na kujaribu kuzipachika juu ya zile alizovaa mwenzake, na zilipoteleza mara ya pili akaangua kilio. Kilio kile kilinifungua macho. Nilikuwa nimewaweka watoto wanne kwenye mkeka mmoja, kisha nikamfungia kila mmoja ndani ya sauti yake.

Mwanasaikolojia Mildred Parten alieleza mwaka 1932 namna watoto wadogo wanavyocheza ubavu kwa ubavu, wakiwa na vitu vinavyofanana, bila mmoja kugeuza mchezo wa mwingine. Mchezo sambamba wa namna hiyo si kasoro, maana watoto wote huupitia na hata wakubwa wao huurudia. Lakini watoto wangu walikuwa wamekwisha kuonyesha, kwenye matofali ya mbao na kwenye mchanga, kwamba wanaweza zaidi ya hapo, na vifaa nilivyowapa ndivyo vilivyowarudisha nyuma. Yule mvulana alikuwa akitafuta kile ambacho wataalamu wa makuzi hukiita uelewa wa pamoja, yaani hali ya watu kuelekeza akili zao kwenye jambo moja huku kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye analielekea. Colwyn Trevarthen, aliyechunguza kwa miaka mingi mazungumzo yasiyo na maneno baina ya mama na mtoto mchanga, alionyesha kwamba mizizi ya hali hiyo ipo tangu miezi ya mwanzo, katika kupokezana sauti na nyuso, na kwamba mtoto akikaribia miezi tisa huanza kumhusisha mtu mwingine na kitu cha tatu kilicho kati yao. Mtoto wa miaka minne, kwa hiyo, ana uzoefu wa kutosha wa kuelewana na watu. Kwa upande wangu, kazi ilikuwa kuondoa kilichomzuia.

Nikaondoa hedifoni, nikabakiza kishikwambi kimoja na spika moja katikati ya mkeka, nikaamini nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza naanza. Watoto wanne waligombea kioo chenye upana wa viganja viwili, mwenye nguvu akashinda, waliobaki wakawa watazamaji. Isitoshe, programu niliyokuwa nimeichagua ilikuwa ya aina ile ambayo mguso mmoja huamsha kipande kizima cha muziki kilichokwisha kutengenezwa, chenye ngoma, gitaa na kila kitu, kikaendelea kulia kwa sekunde kumi. Mtoto wa pili akigusa, kipande kingine hupanda juu ya cha kwanza. Baada ya miguso mitatu hakuna aliyejua sauti ipi ni ya nani, na mtoto asiyejua mwenzake ametoa sauti gani hawezi kumjibu. Muziki ulikuwa mwingi, tena mzuri, lakini haukuwa wao.

Majuma mawili yaliyofuata niliyatumia kupunguza. Nilitafuta programu inayotoa sauti fupi, moja kwa kila mguso, na nikaiunganisha na vibao vya kugongwa badala ya kioo, ili kila mtoto awe na mahali pake pa kupigia ingawa sauti zote zilitoka kwenye spika ile ile. Mmoja nilimpa kengele, mwingine ngoma nzito, mwingine sauti kama ya filimbi, tofauti kiasi kwamba hata mtoto aliyegeuza mgongo angeweza kusema nani amepiga. Kwa kengele na filimbi nilibakiza noti tano tu. Katika MIDI, mfumo uliotolewa mwaka 1983 wa kuziwezesha ala za kielektroniki na kompyuta kupashana habari, kila noti ina namba kuanzia 0 hadi 127, na do ya katikati ya kinanda ni 60. Mimi niliziacha 60, 62, 64, 67 na 69. Hizo ni noti za skeli ya sauti tano, na heri yake ni kwamba hata zikilia zote kwa wakati mmoja hazikwaruzi sikio. Carl Orff, mtunzi wa muziki wa Ujerumani aliyebuni njia ya kuwafundisha watoto muziki, alifanya vivyo hivyo na ala za vibao bila kompyuta yoyote, kwa kung'oa vibao vya noti zisizotakiwa. Hata hivyo, nadhani sisi walimu tunaogopa mgongano wa sauti kuliko watoto wanavyouogopa. Siku moja nilipoiacha noti ya 66 humo kwa bahati mbaya, watoto waliicheka, wakaitafuta tena kwa makusudi, na kabla ya kipindi kwisha ilikuwa na jina: mbuzi.

Majina hayo yalikuwa dalili ya kwanza niliyoitambua kwamba kuna jambo linajengeka kati yao. Mtoto mmoja alisema "weka ile ya kulala" na mwenzake, bila kuuliza, akagonga ngoma nzito polepole. Mimi niliyekuwa nimeketi hapo hapo nilibaki nikijiuliza ni ipi. Ilinichukua siku mbili kutambua kwamba "ya kulala" haikuwa sauti hata kidogo, ilikuwa namna ya kupiga, ngoma au kengele, ili mradi iwe taratibu na mpigaji awe amefumba macho. Walikuwa wamekubaliana bila kikao, na mimi mwalimu wao sikuwa na habari.

Nilipojaribu kuingiza msamiati wangu, nilikwaa kisiki. Niliuliza, "Nani ana sauti kubwa?" nikitaka kujua ni kibao gani kinatoa sauti ya chini zaidi. Msichana mmoja akaonyesha ngoma, kwa kuwa ilikuwa nene. Mvulana aliyeshika kengele akapinga kwa kuigonga kwa nguvu zote, maana kwake sauti kubwa ni ile inayosikika mbali. Wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu katika Kiswahili chetu cha kila siku neno "kubwa" hubeba ukali wa sauti, na watoto hulibebesha pia unene wake. Nilifungua mdomo ili nieleze tofauti ya nene, nyembamba, kubwa na ndogo, nikajizuia. Msichana akainama mpaka kidevu kikakaribia magoti, akapiga ngoma na kunguruma. Mvulana akamtazama, akagonga kengele yake taratibu mara moja, akasimama kwa ncha za vidole. Kisha akaigonga kwa nguvu, akapanua mikono. Msichana akapanua mikono naye, akapiga ngoma kwa nguvu akiwa bado ameinama. Ndani ya muda usiofika dakika moja walikuwa wamepata vipimo viwili tofauti, kimoja cha kuinama na kusimama, kingine cha kupanua na kufumba mikono, na ubishi ukaisha. Laiti ningeeleza mimi, wangepata maneno manne na wasipate ule mjadala.

Palikuwa pia na tatizo ambalo sikulijua kuwa ni la kifundi. Kwa majuma kadhaa niliona watoto wakigonga kibao mara mbili mbili, wakisitasita, na kila walipojaribu kupiga pamoja wakapishana. Niliwadhania kuwa ni wadogo mno kwa kazi hiyo. Siku moja betri ya spika ikaisha katikati ya kipindi, nikaunganisha spika ya zamani yenye waya, na watoto wale wale wakaanza kupokezana vizuri kana kwamba wamefundishwa usiku. Spika ya awali haikuwa na waya, na spika za namna hiyo huichelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kiasi kidogo unapotazama filamu, lakini ukizingatia kwamba sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, uchelewaji wa sekunde 0.15 ni sawa na kumsikiliza mpigaji aliye umbali wa mita 50 hivi. Watoto wangu walikuwa wameketi magoti kwa magoti, lakini kwa masikio kila mmoja alikuwa ng'ambo ya uwanja. Mtoto akigonga na sauti isije papo hapo, anagonga tena. Mwenzake anasikia milio miwili na hajui ajibu upi. Tangu siku hiyo sitazami bei wala umbo la spika kabla ya kugonga kibao kilichounganishwa nayo kwa kidole na kusikiliza kama mlio umekuja pamoja na kidole.

Kosa langu la ukarimu lilikuwa kuwawekea ngoma ya mashine. Nilifikiri mdundo usiobadilika ungewasaidia kushikana, kama mtu anavyoshika ukingo wa ngazi. Kinyume chake, kila mtoto alijitahidi kuifuata mashine, au kuikimbia, na wakaacha kutazamana. Baadaye nilikuta kwamba Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu watoto wa umri wa kabla ya shule, ambamo watoto walipatana zaidi na mdundo walipopiga ngoma pamoja na mtu kuliko walipopiga na mashine au na sauti iliyotoka kwenye spika. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba watoto wa miaka minne waliotoka kucheza muziki pamoja walisaidiana na kushirikiana zaidi kuliko waliocheza bila muziki. Nilizima ngoma ya mashine. Mtoto mmoja akachukua nafasi yake bila kuombwa, akienda mbio na kupunguza bila mpango, na wengine wakamfuata kwa sababu walimwona bega lake likipanda kabla ya kila pigo. Mashine haina bega.

Hapo ndipo nilipoleta ubao wa nyaya, na nitakaa hapa kidogo, maana hapa niliona mengi kuliko kwingine kote. Ubao wenyewe ni Makey Makey, uliobuniwa na Jay Silver na Eric Rosenbaum wakiwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na kuanza kufika mikononi mwa watu mwaka 2012. Huunganishwa na kompyuta kwa kebo ya USB na kuifanya kompyuta iamini kwamba ni kibodi ya kawaida. Waya mmoja hutoka sehemu iitwayo ardhi, nyaya nyingine hutoka kwenye vitufe, na chochote kinachopitisha umeme hata kidogo kikiziunganisha, kompyuta huhesabu kwamba kitufe kimebonyezwa. Mwili wa binadamu unatosha. Kwa kuwa wazazi wawili waliniuliza kwa wasiwasi, na walikuwa na haki ya kuuliza, niliwaeleza kwamba ubao hutumia volti 5 za USB kupitia kizuizi kikubwa cha umeme, hivyo kinachopita mwilini ni chini ya sehemu moja ya milioni ya ampea, na kwamba hata hivyo mimi huiendesha kompyuta kwa betri yake, bila kuichomeka ukutani.

Nilizungushia foili mwisho wa kila waya ili upate kushikika. Mtoto wa kwanza nilimpa waya wa ardhi, wa pili waya wa kitufe kimoja, nikanyamaza. Walizitikisa nyaya, wakazipuliza, mmoja akaulamba foili, nikamzuia. Hakuna kilicholia. Walikuwa karibu kuzitupa pale kiwiko cha mmoja kilipomgusa mwenzake, na spika ikatoa mlio wa kengele. Waligutuka wote wawili, wakaitazama spika, halafu, na hili niliandika usiku ule ule nisije nikalisahau, wakatazamana wao kwa wao. Vishikwambi havikuwahi kunipa mtazamano ule. Hakuna hata mmoja wao angeweza kusema "nimepiga". Ala haikuwa mkononi mwa huyu wala mwa yule; ilikuwa pale ngozi zilipokutana.

Dakika chache baadaye msichana aliyekuwa na waya wa ardhi alinyoosha kidole kimoja kuelekea kiganja cha mwenzake, polepole sana, akakisimamisha kikiwa hakijagusa, upana wa punje tu ukiwa umebaki. Mvulana akabana pumzi. Msichana akagusa, kengele ikalia, wakacheka. Akanyoosha tena, akasimama, akagusa, wakacheka tena. Mara ya tatu akanyoosha, akasimama, halafu akakirudisha kidole nyuma bila kugusa. Mvulana akaachia pumzi kwa mlio wa mdomo, "ting!", na kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia.

Utani ule niliufikiria kwa siku kadhaa. Ili umtanie mtu kwa kutomgusa, ni lazima ujue kwamba anatarajia kuguswa. Na ili yeye acheke badala ya kununa, ni lazima ajue kwamba ulijua. Mwanasaikolojia Vasudevi Reddy ameandika kuhusu watoto ambao hata mwaka hawajatimiza wakimpa mtu kitu na kukirudisha nyuma anaponyoosha mkono, na ameuchukulia utani huo kuwa ushahidi kwamba mtoto anaelewa nia na matarajio ya mwingine. Mbele yangu palikuwa na jambo hilo hilo, ila safari hii lilikuwa na mdundo: kunyoosha, kusimama, kugusa. Wale wawili walikuwa wamekwisha kujenga kipimo cha muda, na utani ulikuwa kukivunja kipimo mahali ambapo wote wawili walikijua.

Nilipoongeza mtoto wa tatu na waya wa kitufe kingine, mambo yalichanganyika kwa namna ya kupendeza. Wenye vitufe wawili wakigusana wao peke yao, hapakuwa na sauti. Kila mmoja alimhitaji mwenye ardhi. Lakini wote watatu wakishikana mikono, milio miwili ilitoka kwa pamoja, na ilibidi wagundue kwa majaribio marefu kwamba mlio wa mtoto wa tatu hutoka hata asipomgusa mwenye ardhi, ili mradi amshike aliyemshika. "Inapita kwako," mmoja alimwambia mwenzake, akimgusa kifuani. Sijui mwalimu gani angeweza kuwaeleza sakiti, yaani njia ya umeme, watoto wa miaka minne kwa maneno mawili bora kuliko hayo. Mikono ilipokauka milio ilikatikakatika, na badala ya kuniita mimi walianza kulaumiana kwa kutoshika vizuri, hadi nilipowaletea kitambaa chenye unyevunyevu. Kitambaa kikawa sehemu ya mchezo. Kabla ya kuanza, kila mmoja alimfuta mwenzake viganja, wala halikuwa wazo langu.

Watoto wanne hawakufaulu. Kila nilipojaribu, waligawanyika wawili wawili. Niliacha kulazimisha.

Kioo cha kompyuta kilinisumbua tangu mwanzo, kwa kuwa rangi zinazorukaruka huvuta macho, na jicho lililo kwenye kioo haliko kwenye uso wa mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya vioo kwa zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba ikipungua ni bora zaidi. Nilikuwa nimelisoma agizo hilo kama jambo la afya ya mwili, lakini nilipoifunika kompyuta kwa kitambaa ili kulitii, nikaona kitu kingine: watoto walianza kusubiriana. Palipokosekana cha kutazama, walitazamana. Tangu hapo kompyuta yangu hukaa imefunikwa, na mgeni akiingia huenda asitambue kwamba kuna teknolojia mle ndani isipokuwa nyaya.

Kilichobaki kunishinda kwa muda mrefu zaidi kilikuwa mdomo wangu. Niliweka kinasa sauti pembeni mwa mkeka kwa idhini ya wazazi, na jioni nikakaa kusikiliza dakika kumi za kipindi. Nilijisikia nikisema "vizuri sana", "mpe mwenzako zamu", "sikilizeni sasa", "umeona?", jumla ya mara thelathini na moja. Katika sehemu saba kati ya hizo nilisikia wazi sauti ya mtoto mmoja ikianza, kimya kifupi kikifuata, na maneno yangu yakikijaza kile kimya kabla mtoto wa pili hajajibu. Nilikuwa nakiona kimya kuwa tundu la kuzibwa. Nilijiwekea sharti la kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema lolote, na mara nyingi jibu la mtoto lilikuja nikiwa kwenye sita au saba. "Mpe mwenzako zamu" niliifuta kabisa. Watoto walikuwa na zamu zao, ila hazikufanana na zangu: mmoja alipiga mara tano mfululizo na mwenzake akajibu mara moja tu, kwa wakati wake, na wote wawili wakaridhika. Zamu sawasawa ni haki ya foleni. Katika muziki wao haikuwa na maana kubwa.

Nisiwaonyeshe kama malaika. Mvulana mmoja aligundua kitufe cha kuzima spika na kwa juma zima akakitumia kuwatawala wengine, akizima mtu anaponoga. Nilitamani kukiziba kwa plasta. Siku ya tano wenzake walianza kuendelea kupiga bila sauti, wakichezesha mikono hewani na kucheka mlio usiokuwapo, hadi kitufe kikakosa maana, naye akakiwasha mwenyewe ili aingie. Palikuwa pia na msichana aliyekaa nje ya mkeka kwa karibu mwezi, mgongo ukutani, mdoli mikononi. Daftari langu lilisema "hashiriki". Siku moja niliyoketi karibu naye nikauona mguu wa mdoli ukigonga sakafu, taratibu na papo hapo, kila mara ngoma nzito ilipolia, na ngoma ilipokoma ghafla mdoli naye akakoma. Mpiga ngoma alikuwa anamtazama yeye. Sijui walikuwa wakifanya hivyo kwa siku ngapi. Nilirudi kwenye daftari nikalifuta lile neno kwenye kurasa zote.

Nilijaribu pia programu inayomsikiliza mtoto akicheza kinanda na kisha kumjibu kwa kipande kinachofanana na chake. Wazo hilo lina historia: François Pachet aliunda mfumo wa namna hiyo huko Paris mwanzoni mwa miaka ya 2000, akauita Continuator, na pamoja na Anna Rita Addessi wa Chuo Kikuu cha Bologna wakachapisha mwaka 2005 walichokiona kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 waliocheza nao. Mtoto aliye peke yake na mashine inayojibu husisimka kweli, na sitabeza. Ila mimi niliketisha wawili, na kilichonivutia ni kwamba mashine ilipojibu mara ya kwanza, aliyecheza hakuigeukia mashine, alimgeukia mwenzake na kusema, "Imetusikia." Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amecheza, lakini alisema imetusikia.

Siku hizi kipindi chetu hakizidi dakika ishirini, watoto wawili au watatu kwa wakati mmoja, na vishikwambi vitatu kati ya vinne vimo kabatini. Juzi watoto walikuwa wamepanga foleni ya kunawa mikono, nyaya zote zikiwa zimekwisha kuhifadhiwa. Yule msichana wa kidole akamgeukia aliyekuwa nyuma yake, akanyoosha kidole polepole, akasimama, akamgusa kiganja. Mvulana akasema, "Ting!" Mtoto wa tatu aliyekuwa mbele yao akageuka na kumwambia msichana kwa ukali, "Haiwezi kulia, hujashika waya." Msichana akautazama mkono wake wa kushoto, akaukunja ngumi kana kwamba ameshika kitu, akanyoosha kidole cha kulia upya, akasimama. Wote watatu wakabana pumzi.